Karatasi ya Pili

Johannesburg, tarehe 22 Septemba 2002

Yaya Gracieuse,

Nakusalimia weye kwanza, dada yangu mukubwa, kisha Mama, kisha mudogo wetu Fiacre, na wote wa parsele, ua muzima. Mimi niko muzima. Baridi ya huku imepungua, sasa naoga bila kupiga kelele. Chakula ni ileile, bugali nyeupe isiyo na roho. Sombe ya Mama, yale majani ya muhogo, naisikia mupaka kwenye pua. Habari ya vita ya Bunia niliipata kwa radio, nikakaa karibu nayo usiku na mchana, mupaka Mbusa, yule wa biashara anatubebeaka barua, alinipigia simu toka Kampala na kuniambia nyumba yetu ya Nyakasanza haikuguswa. Mungu asifiwe.

Yaya, ile habari ya uvimbe kwenye titi ya Mama nimeisoma mara mbili, kisha nikatoka kutembea, juu wenzangu wasione machozi yangu. Unasema munganga aliona ni kanseri, imeshaingia kwapani, na akamurudisha nyumbani bila kitu. Sasa sikia, na usomee Mama kwa nguvu.

Miaka hii yote mulikuwa mukiniuliza niko nasoma nini. Niko natengeneza dawa. Tuko vijana sita mu labo. Mimi na Vital wa Lubumbashi njo wakubwa. Iko dawa ya kanseri ya zamani, inatengenezwa na platine, madini sawa feza, na wagonjwa wa hospitali kubwa wanaipata kwa mushipa. Siye tunajaribu na zahabu, juu ya kanseri na juu ya malaria pia. Si zahabu ile ya pete. Tunaiyeyusha mu asidi kali, kisha tunaifunga na vitu vingine mupaka inakuwa unga mweupe. Mwezi uliopita unga wangu, ule nilitengeneza na hii mikono yangu, tuliuweka mu visahani vyenye chembe za kanseri. Asubuhi Vital alichungulia na darubini akapiga kelele: "Marcellin, zimekufa zote!"

Muambie Mama mutoto yake hakai huku bure. Muambie avumilie. Prof anatupimia zahabu kidogo-kidogo sawa chumvi ya mugonjwa wa presha, nami ninacheka peke yangu: siye watu wa Ituri tunaikanyaga na miguu! Fiacre aniletee kopo moja ya zahabu toka machimbo ya Mongbwalu, nimalize kanseri ya dunia muzima.

Ni mimi mudogo wako,
Marcellin


Bunia, tarehe 3 Novemba 2002

Mudogo wangu Marcellin,

Amani ya Bwana ikufikie kule uliko na baridi yako. Siye tuko, tunapumua. Shule ilifunguliwa tena, lakini darasa yangu ya watoto makumi ine imebaki na kumi na kenda, na mimi siulize wengine wako wapi. Watu wa kijiji ya Fataki wanaingia muji kila siku na magodoro kwenye kichwa. Mashamba yetu ya kule, sijui nani anavuna. Geneviève, jirani, amezaa musichana, na katika mambo yote ya mwezi huu njo hiyo tu ilikuwa nzuri.

Barua yako ilifika na Mbusa. Unajua vile barua inasomwaka kwetu. Mama alikataa niifungue mbele watu hawajakaa. Akaita mama Hélène wa chorale ya kanisa, akaita majirani, akavaa kikwembe yake, ile kitenge ya Pasaka. Tukaomba kwanza. Kisha nikasoma nimesimama, sawa mbele ya darasa. Nilipofika pale "zimekufa zote", mama Hélène alipiga vigelegele mupaka kuku zikaruka ukuta. Mama yeye alinyoosha tu kidole: soma tena. Nilisoma mara ine. Siku ileile alikula sahani muzima ya lituma, ndizi za kupondwa, yeye ambaye tangu mwezi wa nane alikuwa anasukuma chakula na mukono.

Sasa anaambia kila mutu, "Mutoto yangu iko anapika dawa yangu." Pastere akija kumuombea, anamuambia aombe kwa ufupi, dawa iko njiani. Aa, Mama! Lakini sikufiche: uvimbe umepasuka. Unatoa mayi na harufu, namuosha asubuhi na jioni na mayi ya chumvi. Anauma meno, kisha anacheka. Tuambie tu mwezi gani, Marcellin. Siulize siku. Mwezi tu.

Nimeachia Fiacre nafasi ya mustari wake wa chini, vile tunafanyaka.

Yaya yako,
Gracieuse

Yaya Marcello! Juu ya zahabu usihofu. Niko na rafiki, Blanchard, anajua Mongbwalu sawa mufuko yake. Dawa ya Mama ikose zahabu na mimi niko? Haiwezekane. Fiacre.


Johannesburg, tarehe 10 Desemba 2002

Yaya,

Salamu mingi za mwisho wa mwaka. Nafurahi juu ya mutoto wa Geneviève. Mumupatie jina nzuri, si majina ya wacheza mupira. Huku watu wanafunga mizigo kwenda kwao, labo imebaki kimya, mimi na Vital tu tunaosha chupa. Kanisa niliipata, wanaimba kwa lugha sielewi, lakini Amina ni ileile. Nilifurahi kusikia Mama alikula. Kuandika ile sahani ya lituma ulifanya vizuri, niliiona kwa macho. Mumupe na mayi ya kunywa mingi. Kidonda muifunge na kitambaa ya kuchemshwa, isiwe ile ya jana. Karatasi hii ya kwanza ni ya salamu, yaya. Geuza, ile jambo kubwa iko kwenye ya pili.

[karatasi ya pili]

Mwezi uliopita unga wangu tuliwapa panya kumi na mbili. Sita zilikuwa na uvimbe, sita zilikuwa nzima. Siku ya tano zote zilikuwa zimekufa. Tulizifungua, maini yao ilikuwa imeharibika. Prof alipiga alama ya msalaba mu daftari yangu, akasema, "Vijana, tuanze upya." Yaya, hata kama panya zingepona, ingekuwa miaka kumi mbele ya mutu kuonja ile kitu. Dawa ya Mama haiko. Haitakuwako kwa wakati wake. Nilipaswa kukuambia tangu mwanzo. Tafuta tu dawa ya kutuliza maumivu. Uliza masista, wanakuwaka nayo.

Na Fiacre, mushike. Ile maneno ya kopo ilikuwa muchezo wa kinywa. Zahabu tuko nayo ya kutosha mu chupa moja ndogo, haina haja na ya mutu. Asiende Mongbwalu. Kule watu wanauana. Umufunge hata kamba.

Marcellin


Bunia, tarehe 2 Februari 2003

Mudogo wangu,

Tuko salama kidogo. Mvua haijanyesha, mayi ya bomba inakuja siku moja, inakataa siku tatu. Mutoto wa Geneviève wamemuita Gracia, na jina hilo nimelipenda.

Barua yako ilifika tarehe kumi na mbili ya mwezi wa kwanza. Tuliisoma vile tunaisomaka. Mama alifurahi sana, anakusalimia, anasema ubarikiwe. Masista walinipa vidonge vya maumivu, vinamusaidia.

Fiacre ametoka kidogo, alienda kuangalia mashamba, njo maana leo mustari wake haiko. Nina haraka, Mbusa anatoka na ndege ya mchana.

Yaya yako


Johannesburg, tarehe 20 Machi 2003

Yaya Gracieuse,

Nawasalimia wote. Mimi mwili ni muzima.

Barua yako ilinitisha kupita zile zenye habari mbaya. Mama alifurahi nini? Nilikuandikia panya zimekufa, unaniambia Mama alifurahi! Ulisoma karatasi zote mbili? Ama ya pili ilipotea njiani?

Na Fiacre alienda mashamba gani? Weye mwenyewe uliniandikia watu wa Fataki wanakimbia na magodoro kwenye kichwa. Nani anaenda kuangalia mihogo katikati ya bunduki? Weye ni mukubwa wangu, siwezi kukutukana, lakini barua yako ni fupi sawa ya mutu anaficha mukono nyuma ya mugongo. Fiacre aniandikie mustari mumoja. Ata jina lake tu.

Nilipiga simu kwa Mbusa mara tano. Anasema barabara, anasema ndege, anasema Mungu ni mukubwa. Kila mutu ananizunguka.

Marcellin


Bunia, tarehe 29 Juni 2003

Marcellin,

Barua yako ya mwezi wa tatu ilinifikia juzi. Mwezi wa tano muji wetu ulipigwa. Mama nilimuweka kwenye baiskeli ya Mbusa, nikamufunga na vikwembe asianguke, nikamusukuma mupaka uwanja wa ndege, pale watu wote walikuwa wanalala chini ya mashiti ya plastiki. Wiki tano. Kidonda yake, inzi, mvua, watu wanasogea mbali juu ya harufu. Sasa askari wa kigeni wamefika, tumerudi Nyakasanza. Mulango haiko, bati ya jikoni haiko, kuta ziko. Nimekwisha salamu.

Karatasi ya pili haikupotea. Nitakuambia, na ukitaka kunilaani, ngoja nimalize.

Ile siku watu walikuwa wamekaa, tumeshaomba. Mama kwenye kiti yake, Fiacre chini karibu na miguu yake, anamupepea na daftari. Nikasoma ya kwanza, ila mustari wa mwisho, juu ule ulikuwa wangu peke yangu. Mama alicheka juu ya ile Amina yako. Nikageuza. Macho yangu yakafika pale kwenye panya mbele kinywa haijafika. Marcellin, ningefanya nini? Watu kumi na tano wananiangalia, Mama amevaa Pasaka yake. Karatasi niliikunja nikaiingiza mu blausi, kisha nikaendelea kusoma ya kwanza, ile ilikuwa imekwisha. Nilikuwa nasoma hewa. Nikasema Prof anakusifu. Nikasema unga uko karibu kuwa tayari. Wakaniuliza, "Kumebaki nini?" Mimi mwalimu, miaka kumi na moja nachapa watoto juu ya uongo, nikajibu, "Kumebaki zahabu kidogo tu."

Sijui ilitoka wapi. Nilikuwa natafuta kitu ya kusema, na hiyo njo ilikuja kwa ulimi.

Siku ya tatu Fiacre alinikuta kwenye bomba. Akanipokea ndoo, akanifikishia nyumbani, akasema, "Yaya, Mama usimuambie, nitarudi mbele hajauliza." Nilimuambia asiende. Nilimuambia kwa nguvu, nikamushika shati. Lakini sikumuambia kwa nini. Ningetoa ile karatasi mu sanduku nimupe asome, ni mutu mukubwa, anajua kusoma. Sikuitoa. Haya ilinifunga kinywa, na wakati huo nilijiambia, ataenda wiki mbili, atachoka, atarudi.

Blanchard alirudi peke yake mwezi wa ine. Alikaa kwenye muguu wa mulango, akakataa mayi. Alisema walichimba wiki tisa. Zahabu yao Fiacre aliiweka mu chupa ndogo ya dawa ya macho, aliifukia karibu na pale walilala. Wakati watu wenye bunduki waliingia, wote walikimbilia pori. Walikuwa wameshapona, Marcellin, walikuwa mu majani tayari! Fiacre akasema amesahau dawa ya Mama. Hakusema zahabu. Alisema dawa. Akarudi. Blanchard alisikia risasi tatu na hakumuona tena. Baadaye watu walimuonyesha shimo moja walizika wengi, hakuna aliyeandika majina.

Miezi miwili na nusu niko na hiyo mu kifua. Mama anafikiri Fiacre iko Beni, anatafuta kazi. Ananiuliza, "Hajaandika?" Nasema njia ni mubaya. Siri ya mutungi, kata njo inaijua, na kata imechoka.

Mimi njo nilimuua mutoto wetu. Unisamehe ama usinisamehe, lakini ujue.

Gracieuse


Johannesburg, tarehe 18 Julai 2003

Yaya,

Siko na salamu. Nililia mupaka Vital alikuja kunishika mabega, na mimi nikamusukuma.

Usijiite mwuaji. Na mimi niko na karatasi sikukuonyesha. Mwezi wa kenda, mwaka jana, pale nilikuandikia chembe za kanseri zimekufa zote, kulikuwa visahani vingine pembeni. Mu vile tulikuwa tumeweka chembe nzima, za mutu asiye na ugonjwa. Tunafanyaka vile kila mara, juu sumu yoyote inaua kanseri, hata mafuta ya taa inaua. Kazi ya dawa ni kuchagua. Na zile chembe nzima zilikufa pamoja na zingine, asubuhi ileile. Nilizihesabu mimi mwenyewe. Kisha nikakaa, nikakuandikia barua, nikaandika nusu.

Kwa nini? Juu nilikuwa miaka minne huku na sikuwa na kitu ya kuonyesha Mama. Nilitaka anione mukubwa. Njo hiyo tu, yaya, haina siri ingine. Uongo wako ulizaliwa na wangu. Na ile kopo ya Mongbwalu niliandika mimi nikicheka.

Sasa nakuomba kitu kimoja. Barua hii msomee Mama. Mambo ya huku juu, na haya ya chini. Usiruke, usilainishe. Kama ataniita mujinga, uniandikie. Kama atalia, mushike kwa niaba yangu.

Mama, ni mimi Marcellin. Dawa haiko. Haikuwako ata siku moja. Ulikuwa unangoja kitu mimi nilijua hakifike. Fiacre alienda kutafuta zahabu juu ya maneno yangu, na amekufa kule Mongbwalu. Yaya alikuficha juu ya kukupenda. Mimi nilikudanganya juu ya kujipenda. Nisamehe, Mama, kama mdomo wako unaweza kusema neno hilo. Kama hauwezi, nitaelewa.

Mutoto wako


Bunia, tarehe 7 Septemba 2003

Mudogo wangu Marcellin,

Nakusalimia katika jina la Bwana. Mimi niko. Gracia ametembea.

Barua yako ilifika tarehe tano ya mwezi wa nane. Mama alitaka kuita watu, vile anafanyaka. Nikasema, Mama, leo ni siye wawili. Akaniangalia sana, kisha akasema, basi omba. Nikaomba. Nikasoma yote, sikuruka ata koma. Pale kwenye Fiacre sauti ilikatika, nikaanza tena toka juu ya mustari juu asisikie nusu.

Hakulia mbele yangu. Aliuliza, "Ile siku ya uongo wako, Fiacre alikuwa anacheka?" Nikasema ndiyo, Mama, alicheka, alikupigia makofi kwenye goti. Kisha akasema neno ambalo mupaka sasa linanizunguka. Akasema, "Nilijua kulikuwa ya pili. Marcellin tangu shule ya primaire hajui kumaliza maneno kwenye karatasi moja. Nilikuona ukiiingiza mu blausi. Nilikunyamazia juu nilijua iko nini ndani, nami nilitaka tukae vile siku ingine moja."

Unaona, Marcellin? Watatu tulikuwa tunajua, kila mutu kwa pembe yake. Ni Fiacre peke yake alikuwa anaamini.

Mawe, ole wetu! Kama mumoja wetu tu angefungua kinywa.

Tangu siku ile alikataa vidonge, nikavisaga mu uji bila kumuambia. Na huo uongo sitaungama kwa mutu. Alikwenda Alhamisi, tarehe makumi mbili na moja ya mwezi uleule, katikati ya mchana, mukono wake mu mukono yangu. Neno ya "nisamehe" nilimukumbusha mara mbili. Ya kwanza aliomba mayi. Ya pili alisema, "Muambie ale." Mimi sijui kama hiyo ni jibu. Nakuandikia vile alisema.

Tulimuzika na watu wachache, mama Hélène aliimba peke yake, chorale imetawanyika. Mbusa alileta mbao toka Beni, fundi akachonga msalaba. Akaniuliza aandike jina gani. Nikamuambia, andika mbili. Akasema, mama, kaburi ni ya mutu mumoja. Nikasema najua, andika mbili. Fiacre alikuwa na miaka makumi mbili na moja, na hakuna pahali pengine jina lake limeandikwa kwenye ardhi hii.

Huku nyumba ni kubwa sasa. Mulango ulirudishwa, bati bado.

Usiache kuandika. Uniambie kama labo imeanza upya ama imefungwa, visahani vimefanya nini, vile vizuri na vile vibaya, vyote. Ukituma, nitavaa vizuri, nitaomba, nitasimama pale mbele ya kiti, nitasoma kwa sauti mupaka mwisho.

Yaya yako,
Gracieuse